Azimio la Antwerp: jinsi wenye viwanda vya kemikali Ulaya walivyoshinda karatasini

Tarehe 20 Februari 2024, wakuu 73 wa viwanda walikutana katika eneo la kiwanda cha BASF, kampuni kubwa ya kemikali ya Ujerumani, mjini Antwerp, Ubelgiji. Walimkabidhi Ursula von der Leyen, Rais wa Tume ya Ulaya, na Alexander De Croo, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ubelgiji, waraka wenye madai 10, Azimio la Antwerp. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, tarehe 26 Februari 2025, von der Leyen alirudi katika mji huohuo akiwa na Mpango wa Viwanda Safi mkononi, na mengi ya yale yaliyodaiwa yalikuwemo. Katikati ya tarehe hizo mbili, na miezi iliyofuata, mitambo ya petrokemikali, yaani kemikali zitokanazo na mafuta na gesi, iliendelea kutangazwa kufungwa, mmoja baada ya mwingine.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mpaka wa nguvu za chama cha wenye viwanda. Msimamo wangu nautaja mapema: Cefic, chama kilichokuwa nyuma ya azimio hilo, kilipata karibu kila kitu ambacho serikali inaweza kukitoa kwa kuandika. Kilichokuwa kinaua mitambo hakikuwa katika orodha hiyo, au kilikuwemo kwa maneno ya jumla tu.

Chama chenyewe

Cefic ni baraza la wenye viwanda vya kemikali barani Ulaya. Lilianzishwa mwaka 1972, makao yake yako Brussels, na wanachama wake ni mashirikisho ya kitaifa, kama VCI ya Ujerumani na France Chimie ya Ufaransa, pamoja na makampuni makubwa yenyewe. Ndani yake kuna kitengo cha petrokemikali. Wengi huichanganya na EPCA, chama kingine cha petrokemikali kilichoanzishwa 1967, nacho kina ofisi Brussels. EPCA ni uwanja wa biashara: kila vuli huwakutanisha wauzaji, wanunuzi na wasafirishaji katika miji kama Berlin na Vienna, na humo ndimo watu wanapojuana na kuanza kujadiliana mikataba ya mwaka unaofuata. Cefic kazi yake ni siasa.

Siasa hiyo, kwa siku nyingi za mwaka, ni kazi kavu ya mezani. Ni kusoma rasimu za sheria, kuandika maoni, kukaa kwenye kamati za wataalamu, kukutana na maofisa wa Tume na wabunge, na kutoa takwimu za sekta. Kwa maelezo ambayo chama chenyewe hujaza kwenye daftari la uwazi la Umoja wa Ulaya, hutumia zaidi ya euro milioni 10 kwa mwaka kwa shughuli za ushawishi. Ni miongoni mwa watumiaji wakubwa kabisa mjini Brussels. Takwimu zake hutajwa na kila upande: ajira za moja kwa moja takriban milioni 1.2, na sehemu ya Umoja wa Ulaya katika mauzo ya kemikali duniani ikishuka kutoka zaidi ya robo mwanzoni mwa karne hii hadi karibu nusu ya kiwango hicho miaka 20 baadaye. Anayefika mezani na hesabu ndiye anayeamua mazungumzo yaanzie wapi, na kwa miongo kadhaa mwenye hesabu amekuwa Cefic.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana hata kabla ya Antwerp. Tume iliahidi kuleta marekebisho ya REACH, sheria kuu ya kemikali iliyoanza kutumika 2007, kabla ya mwisho wa 2022. Ahadi ikasogezwa hadi 2023, na 2023 ikaisha bila pendekezo lolote. Wenye viwanda hawakuwa sababu pekee, maana vita vya Ukraine na siasa za vyama vya mrengo wa kulia vilichangia. Hata hivyo, hoja iliyotumika kuahirisha, kwamba sekta haiwezi kubeba mzigo mpya wakati huu, ilikuwa hoja yao.

Kilichokuwa kinatokea viwandani

Moyo wa petrokemikali ni mtambo wa ethilini. Nafta, kimiminika chepesi kinachotokana na mafuta ghafi, huchanganywa na mvuke na kupitishwa katika mabomba yaliyo ndani ya tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi. Hukaa humo kwa muda usiofika sekunde moja. Molekuli zake ndefu hukatika, gesi inayotoka hupozwa haraka kabla haijaendelea kubadilika, kisha hubanwa na kutenganishwa: ethilini, propilini, butadini na nyinginezo. Ethilini ndiyo mama wa plastiki ya madumu, mabomba ya maji na vifungashio vya vyakula. Butadini huishia kwenye matairi.

Mtambo mmoja wa aina hii hutoa mamia ya maelfu ya tani kwa mwaka, na hauwashwi na kuzimwa kama jenereta. Ukiendeshwa chini ya uwezo wake, gharama ya kila tani hupanda. Ukifungwa, viwanda vya jirani vinavyolishwa na bomba lake vinabaki kutafuta malighafi kwingine. Antwerp imeunganishwa kwa mabomba ya ethilini na Geleen nchini Uholanzi na maeneo ya viwanda ya Rhine na Ruhr nchini Ujerumani, kwa hiyo mtambo ukifa upande mmoja wa mpaka, uchungu wake unafika upande wa pili.

Mitambo mingi ya Ulaya hula nafta, na mingi ilijengwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Marekani, tangu ilipoanza kuvuna gesi ya miambani kwa wingi, ina ethani, gesi inayotoka pamoja na gesi asilia, tele na ya bei ndogo, na ethani hutoa ethilini nyingi zaidi kwa kila tani kuliko nafta. Nchi za Ghuba nazo zimekuwa na malighafi ya bei nafuu kwa muda mrefu. China imejenga mitambo mipya kwa kasi ambayo soko la dunia halikuweza kuimeza. Halafu ikaja 2022. Gesi asilia, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa Ulaya karibu euro 20 kwa megawati-saa, ilivuka euro 300 mwezi Agosti mwaka huo baada ya Urusi kuivamia Ukraine na kupunguza gesi yake. Bei ilishuka baadaye, lakini haikurudi ilikotoka. Februari 2023 BASF ilitangaza kufunga mtambo mmoja kati ya miwili ya amonia pale Ludwigshafen, makao yake makuu, pamoja na mitambo mingine, na kupunguza ajira 2,600 katika kampuni nzima.

Mtu anayesoma Azimio la Antwerp bila kuijua hali hii anaweza kudhani ni malalamiko ya kawaida ya matajiri. Hofu ilikuwa ya kweli. Ninachokipinga ni jinsi ilivyotafsiriwa kuwa orodha ya madai.

Siku ya azimio

Waandaaji walijua kuchagua wakati. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya ulikuwa Juni 2024, na viongozi wa nchi 27 walikuwa wanaandaa ajenda yao ya miaka mitano, 2024 hadi 2029. Ubelgiji ilikuwa inashika urais wa zamu wa Baraza la Umoja wa Ulaya, hivyo De Croo alikuwa mwenyeji kwa vyeo viwili. Wiki mbili kabla, tarehe 6 Februari, Tume ilikuwa imependekeza lengo la kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 90 ifikapo 2040. Na von der Leyen alikuwa ametangaza, siku moja tu kabla, kwamba anaomba muhula wa pili.

Jambo la pili lililowapa nguvu lilikuwa upana. Badala ya kusimama kama watu wa kemikali peke yao, Cefic ilivuta sekta karibu 20: chuma, saruji, karatasi, kioo, madini na nyinginezo. Rais wa Cefic wakati huo alikuwa Ilham Kadri, mzaliwa wa Casablanca, Morocco, na mkuu wa kampuni ya Syensqo. Waziri anaweza kuipa kisogo sekta moja yenye sifa mbaya ya uchafuzi. Ni vigumu zaidi kuwapa kisogo watu wanaowakilisha chuma cha daraja na karatasi ya gazeti kwa pamoja. Saini ziliendelea kumiminika miezi iliyofuata hadi zikavuka 1,000.

Waraka wenyewe ulikuwa mfupi, kurasa chache tu, na hilo nalo ni ustadi. Haukuupinga Mpango wa Kijani wa Ulaya wa 2019. Ulitaka uongezewe mwenzake, mpango wa viwanda. Uliomba fedha za umma kwa teknolojia safi, nishati ya bei inayoshindana na ya mabara mengine, miundombinu ya umeme na hidrojeni, usalama wa malighafi, soko la bidhaa zenye hewa ukaa kidogo, na namna mpya ya kutunga sheria isiyoingia kwenye kila undani wa shughuli za kiwanda. Ulitaka pia Tume mpya ianze kazi kwa sheria moja ya mkupuo (omnibus) ya kurekebisha kanuni zilizopo, na awepo makamu wa rais mwenye jukumu la kuusimamia mpango mzima.

Angalia yaliyo mepesi na yaliyo mazito katika orodha hiyo. Kupunguza fomu na ripoti ni kalamu tu. Cheo cha makamu wa rais ni kalamu tu. Bei ya gesi si kalamu. Ni meli, mabomba, hali ya hewa ya baridi, mikataba ya miaka 20 na Qatar na Marekani, na kodi za umeme ambazo kila nchi mwanachama inajiwekea yenyewe.

Madai yalivyopita milango

Mwendo wake ulikuwa wa haraka kwa viwango vya Brussels. Mwezi Julai 2024 von der Leyen alichaguliwa tena na Bunge kwa kura 401, na katika mwongozo wake wa kisiasa aliahidi mpango wa viwanda safi ndani ya siku 100 za kwanza. Septemba ikatoka ripoti ya Mario Draghi, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Italia, kuhusu ushindani wa Ulaya. Ilisema makampuni ya Ulaya hulipia umeme mara 2 hadi 3 ya bei ya Marekani, na gesi mara 4 hadi 5. Ripoti hiyo haikuandikwa na Cefic, lakini iliipa hoja ya Antwerp muhuri wa mtu ambaye hakuna anayemtuhumu kutumwa na viwanda. Tume mpya ilipoanza kazi tarehe 1 Desemba 2024, Stéphane Séjourné alikuwa makamu wa rais mtendaji mwenye dhamana ya ustawi na mkakati wa viwanda.

Kisha 26 Februari 2025. Von der Leyen akarudi Antwerp, safari hii akipokelewa na Waziri Mkuu mpya Bart De Wever, aliyekuwa meya wa mji huo tangu 2013. Mpango wa Viwanda Safi ulitaja zaidi ya euro bilioni 100 za kusaidia uzalishaji safi. Siku hiyohiyo Tume ilitoa mkupuo wa kwanza wa kulegeza kanuni. Kwenye sheria ya makampuni kutoa taarifa za mazingira na jamii, pendekezo lilikuwa kuyaondoa karibu asilimia 80 ya makampuni yaliyokuwa yanabanwa. Sheria ya kuyawajibisha makampuni kwa madhara katika mnyororo wao wa ugavi nayo ilisogezwa mbele na kupunguzwa makali. Ile sheria ya mkupuo iliyodaiwa kwenye waraka ikapatikana, na jina lake ni lilelile.

Kwa mtazamo wa chama, mwaka kama huo hauji mara mbili. Mwanachama akiuliza ada yangu imefanya nini, jibu lilikuwa mezani.

Jirani wa ng'ambo ya mto

Kuna watu ambao maisha yao yalikuwa yanajadiliwa na hawakuwa mezani. Ng'ambo ya mto Scheldt, ukitazama kutoka Antwerp, kuna Zwijndrecht, penye kiwanda cha kampuni ya 3M kilichotengeneza PFAS, kemikali zisizooza kirahisi, kwa miongo mingi. Mwaka 2021, wakati wa ujenzi mkubwa wa barabara ya mzunguko ya Antwerp, kiwango cha kemikali hizo katika udongo kilikuja kuwa kashfa ya kitaifa. Watu wanaoishi karibu waliambiwa wasile mayai ya kuku wao wenyewe. Julai 2022 kampuni ilikubaliana na serikali ya jimbo la Flanders kutoa euro milioni 571.

3M si BASF, na petrokemikali nyingi hazihusiani na PFAS. Naileta Zwijndrecht kwa sababu azimio lililobeba jina la Antwerp lilizungumzia kanuni kama mzigo wa viwanda. Ng'ambo ya mto tu, familia zilikuwa zimejifunza kanuni zinapochelewa anayebeba mzigo ni nani. Mashirika ya mazingira na wachunguzi wa ushawishi, likiwemo Corporate Europe Observatory, walilisema hilo waziwazi: wakuu wa viwanda wameitisha kikao chao na Rais wa Tume na kumpa ratiba ya miaka mitano, wakati wananchi wanasubiri uchaguzi. Lawama hiyo naiona ina haki. Tume haina kawaida ya kwenda nyumbani kwa wenye kuku kupokea madai 10.

Mitambo haikungoja

Sasa nirudi viwandani. Aprili 2024, wiki chache baada ya azimio, ExxonMobil ilitangaza kufunga mtambo wake wa ethilini pale Gravenchon, Normandy, Ufaransa, na ajira 677 kuondoka. Mwezi huohuo Sabic, kampuni ya Saudi Arabia, ilisema haitawasha tena mmoja wa mitambo yake miwili pale Geleen. Oktoba, Versalis ya Italia ikatangaza kuachana na mitambo ya Brindisi na Priolo, ya mwisho ya aina hiyo nchini humo. Januari 2025 Cefic yenyewe ilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba kufungwa kulikotangazwa 2023 na 2024 kunafikia zaidi ya tani milioni 11 za uwezo wa uzalishaji.

Mpango wa Februari 2025 haukugeuza mwendo. Aprili, TotalEnergies ilitangaza kuufunga mtambo wake mkongwe kati ya miwili iliyoko Antwerp kwenyewe kabla ya mwisho wa 2027. Tarehe 7 Julai Dow ilitangaza kuufunga mtambo wa Böhlen, mashariki mwa Ujerumani. Kesho yake, tarehe 8 Julai, Tume ilitoa mpango mahususi wa kemikali, pamoja na kulegeza kanuni nyingine ambako ilikadiria kungeokoa euro milioni 363 kwa mwaka.

Milioni 363, zikigawanywa kwa sekta nzima yenye mauzo ya mamia ya mabilioni, hazifikii hata sehemu moja kati ya elfu ya mauzo. Hapo ndipo udhaifu wa kisa hiki ulipo. Kanuni zina gharama, na nyingine zimeandikwa vibaya, hilo nalikubali. Lakini hakuna mtambo wa nafta wenye umri wa miaka 45 unaookolewa na fomu chache, wakati mshindani wa Texas analipa robo ya bei ya gesi.

Basi kwa nini chama hakikuweka nguvu zake zote pale penye jeraha? Nadhani jibu ni umbile la chama chenyewe. Chama husema kwa sauti kubwa lile ambalo wanachama wote wanaafikiana, na wanachama wote wanaafikiana kwamba kanuni zipungue na fedha za umma ziongezeke. Yakija maswali ya mitambo, umoja unavunjika. Kampuni ya Ineos inajenga Antwerp mtambo mpya, Project One, wa tani milioni 1.45 kwa mwaka, utakaolishwa ethani inayoletwa kwa meli kutoka Marekani. Kwake, mtambo mkongwe wa jirani ukifungwa ni nafasi sokoni. BASF, mwenyeji wa siku ile, ilikuwa inajenga Zhanjiang, kusini mwa China, kiwanda kilichopangiwa hadi euro bilioni 10. ExxonMobil, Dow na Sabic wana mitambo yenye malighafi rahisi Marekani au Ghuba, na wakifunga Ulaya wanaweza kuliuzia soko hilohilo kutoka kwingine. Hata ushuru wa kuzuia bidhaa za bei ya kutupa, kama ule uliowekwa kwa plastiki ya PVC kutoka Marekani na Misri, unawagawa: mtengenezaji wa PVC anashangilia, mwenye kiwanda cha mabomba anayeinunua analia.

Mfanyakazi wa Gravenchon hana Texas ya kuhamia. Maslahi yake na ya mwajiri wake yalikwenda pamoja hadi siku ya azimio, kisha yakaachana. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi Ulaya vimekuwa vikidai kwamba kampuni inayopokea fedha za umma ifungwe na sharti la kubakiza ajira na kuwekeza palepale. Sharti hilo halimo katika madai 10 ya Antwerp, na sioni lingewezaje kuwemo wakati waliosaini ndio wangefungwa nalo.

Mpango wa Julai 2025 umeweka jambo moja ambalo litaipima Cefic kuliko azimio lolote: muungano wa kemikali muhimu, utakaozikutanisha Tume, nchi wanachama na viwanda ili kutambua ni uzalishaji upi Ulaya haiwezi kuupoteza. Hapo itabidi mitambo itajwe kwa majina. Itabidi isemwe kwamba huu wa butadini ubaki kwa fedha za umma na ule wa ethilini uachwe ufe, kwamba Tarragona ya Hispania iungwe mkono na pengine pasiungwe. Chama chenye wenye mitambo yote miwili ndani yake kitapaswa kutoa hesabu zake za kila mtambo, zile ambazo hadi sasa huzitoa kwa jumla ya sekta. Na nchi zitakazolipa zitakuwa na haki ya kuuliza mwenye mtambo ataubakiza kwa miaka mingapi, na akiondoka kabla ya muda atarudisha kiasi gani.